Betri Kwenye Kigoda: Fundi Anayejifungia Ndani ya Magari ya Wateja

Saa moja na nusu asubuhi, fundi anachomoa betri ya pikapu, anaibeba kwa mikono miwili na kuiweka juu ya kigoda cha mbao mbele ya banda lake. Anaifuta vumbi kwa kitambaa. Halafu anaingia kwenye gari, anapandisha vioo na kuivuta milango mmoja baada ya mwingine.

Pikapu yenyewe ni ya zamani, imemzidi umri fundi kwa miaka sita. Rangi yake ni ya krimu, taa zake za mbele ni za mviringo, na bodi lake la chuma ukiligonga kwa kidole linakujibu. Tangu jana jioni milango yake inafunguliwa kwa umeme. Sasa umeme uko nje, kwenye kigoda, na fundi yuko ndani.

Anahesabu moja mpaka kumi kwa sauti. Wapita njia wawili wanasimama kutazama. Akifika kumi anaingiza kidole kwenye pete ya chuma iliyo chini ya dashibodi, anavuta, na mlango unaruka nje.

"Mmeona?" anawaambia wapita njia huku akishuka. "Sijaozea humo."

Anajulikana kwa jina la Shoti. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, na hata yeye humchukua nukta moja kuitika akiitwa kwa hilo. Ana miaka arobaini na saba, nywele zimeanza kuingia mvi mbele, mabega mapana, na mdomo usiojua kupumzika. Ni fundi umeme wa magari kwa miaka ishirini na mitatu, na katika mtaa huu wa mafundi, ukitaka mlango wa gari ufunguke kwa kitufe, utaelekezwa kwake hata na wanaomwonea wivu.

"Wanaume wa hapa walinipa mwaka mmoja," anasema. "Wakasema huyu dada atachoka, ataenda kuuza vitambaa. Sasa wao wakikwama waya wananitumia ujumbe kwa siri, wasionekane wanaingia kwangu."

Jirani yake, fundi bodi anayeitwa Nyundo, anapaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta wa mabati: "Usimsikilize huyo, anatia chumvi!"

"Wewe ndiye wa kwanza kunitumia!" Shoti anamjibu bila kugeuka.

Kazi yenyewe ukiielezwa na Shoti unaiona nyepesi. Ndani ya mlango wa gari kuna kitasa, na kitasa kina ulimi unaovutwa na mkono wa mlango. Yeye anafunga pembeni yake sumaku ya umeme, kopo dogo la chuma lenye unene wa tochi. Ukibonyeza kitufe, sumaku inavuta ulimi, kitasa kinaachia, na springi ndogo aliyoipachika kwenye fremu inausukuma mlango nje kiasi cha upana wa vidole vitatu.

Ugumu uko kwenye mambo ambayo mteja hayaoni. Waya lazima upite penye bawaba, mahali ambapo mlango hujikunja kila siku, kwa hiyo anauvika mpira usije ukasagika. Kitufe lazima kiwe pale mkono unapofika wenyewe. Na kitufe cha ndani hakifanyi kazi injini ikiwa inanguruma, mtu asije akajimwaga barabarani kwa kuegemea.

"Mlango si redio," anasema. "Redio ikigoma unaimba mwenyewe. Mlango ukigoma, uko ndani au uko nje, basi."

Anaijua kauli hiyo kwa machungu. Mwaka wake wa tatu katika ufundi alimfungia milango ya umeme kijana mmoja mtanashati mwenye gari dogo jekundu. Mikono ya milango, ya nje na ya ndani, iliondolewa yote, mashimo yakazibwa, gari likawa laini kama yai. Shoti hakuuvika mpira waya wa penye bawaba. Siku ya kumi na nne waya ulisagika, ukagusa bodi, ukapiga shoti, fyuzi ikakatika, na kijana akabaki ndani ya gari mchana wa jua, mbele ya watu waliokuja kumpongeza.

Walimtoa kwa kuvunja kioo kwa spana ya magurudumu. Alipotoka, shati limelowa chapachapa, neno lake la kwanza lilikuwa: "Yuko wapi yule Shoti?"

Jina likaganda. Shoti angeweza kuhama mtaa. Badala yake alilichora kwenye kibao cha banda lake, kwa rangi nyekundu ya gari lile lile.

"Nilisema, kama ndilo jina, basi nililipie mwenyewe," anasema.

Tangu siku hiyo ana sheria moja. Hamrudishii mtu gari la milango ya umeme mpaka amemwekea ndani waya wa dharura, ule wa breki ya baiskeli, unaovuta kitasa bila umeme wowote. Na hatoi ufunguo mpaka yeye mwenyewe amejifungia ndani, betri ikiwa kwenye kigoda, na kutoka. Wateja wameshazoea. Wengine huja na simu kumpiga picha akiwa ndani amekunja uso kama mfungwa.

Kwa hesabu yake amejifungia ndani ya magari mia mbili na kumi na moja. Pikapu ya krimu ni gari la mia mbili na kumi na mbili.

Mwenye pikapu anafika saa tatu, amekaa upande wa abiria katika gari la binti yake mkubwa. Binti anashuka, anazunguka, anamfungulia baba yake mlango. Mke wa mzee, aliyekaa nyuma, ameshashuka na kumshika kiwiko kabla mguu wake haujagusa ardhi.

Ni mpima ardhi mstaafu wa miaka sabini na mmoja, mrefu, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi ya kukata. Maisha yake yote ya kazi alizunguka na pikapu hii, vigingi na minyororo ya kupimia nyuma. Miaka minne iliyopita baridi yabisi ilimwingia kwenye vidole. Sasa vidole vyote kumi vimepinda na kukakamaa, na vifundo vyake vimevimba.

Daktari hajamkataza kuendesha. Usukani anaushika kwa viganja, gia anaisukuma kwa kiganja, na ufunguo ameufungia kipande cha mti ili augeuze bila kuubana. Kinachomshinda ni mlango. Mkono wa nje una kitufe kigumu cha dole gumba, wa ndani unataka vidole vya kuvuta, na vioo ni vya kuzungusha.

Miezi miwili iliyopita alimpeleka mkewe zahanati, akamngoja nje. Foleni ilikuwa ndefu. Jua likahama, likaingia garini. Mzee alikaa humo dakika hamsini, vioo juu, akigonga kioo kwa kiwiko mpaka muuza magazeti mmoja akamwona.

"Nilimkuta midomo imemkauka, na bado ananiambia hajambo," anasema mkewe. "Kichwa ngumu huyu mzee. Nikalia pale pale. Nikasema, gari hili sasa basi."

Kikao cha familia kikakaa. Binti akapata mnunuzi, mtu wa magari ya maonyesho, anayekuja Jumamosi saa sita mchana. Mzee aliomba jambo moja tu: apewe nafasi ya kujaribu milango ya umeme. Wakakubaliana hivi: kabla ya mnunuzi kufika, mzee ajifungie ndani na atoke peke yake, betri ikiwa imekufa, bila mtu kumgusa. Akishindwa, pikapu inaondoka. Leo ni Alhamisi.

"Mama, mimi sitaki kukusumbua," mzee anamwambia mkewe mbele ya banda. "Ila kufunguliwa mlango kila siku kama mtoto wa chekechea, kunanimaliza."

"Nani kasema unanisumbua?"

"Mimi ndiye ninayesema."

Shoti anamwonyesha kazi. Mzee alikuwa ameweka sharti: bodi lisitobolewe hata tundu moja. Kwa hiyo kitufe cha nje kimekaa ndani ya tundu la zamani la funguo, ambalo ufunguo wake ulipotea kabla binti hajazaliwa. Cha ndani ni kikubwa, ukubwa wa kisahani cha kahawa, kimefungwa usawa wa kiwiko. Mzee anakibonyeza kwa kiwiko. Mlango unaruka. Anaurudisha, anabonyeza tena. Anafanya hivyo mara nane, na mara ya tano anacheka kwa sauti.

"Sasa tutoe betri," anasema Shoti, kifua mbele.

Betri inakwenda kwenye kigoda. Mzee anafungiwa ndani, vioo juu. Shoti anampigia ishara kupitia kioo: pete, chini ya dashibodi, vuta.

Mzee anaipata pete. Anajaribu kuingiza kidole cha shahada, hakinyooki. Anajaribu kidole cha kati. Kinaingia nusu. Anavuta, uso unakunjamana, pete inateleza. Anavuta tena, na safari hii anafumba macho.

Mlango hausogei.

Mkewe ameshaweka mkono kwenye mlango. Anaufungua kutoka nje. Mzee anashuka taratibu, amekificha kiganja chake cha kulia kwapani, na hamtazami mtu. Binti anaangalia simu yake, ingawa haijalia.

Wa kwanza kusema ni Shoti. "Nimekosea mimi," anasema. "Mzee wangu, wewe hujashindwa kitu. Magari mia mbili na kumi na mawili nimeyapima kwa mkono wangu mimi, na mkono wangu si mkono wako. Nipe mpaka Jumamosi saa tatu."

"Binti yangu, usijitese," mzee anamwambia. "Tumeshaona."

"Baba, mimi hapa naitwa Shoti. Unadhani nitakubali kuongezewa jina la pili?"

Mzee anatabasamu kidogo. Mkewe naye, kwa mbali.

Wakishaondoka, Shoti anachukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo, na kuifunga kwenye pete. Anavuta mpaka kitasa kinaachia. Mizani inasoma kilo tisa. Anakaa juu ya tairi kuukuu akiitazama namba hiyo.

"Kilo tisa, kwa kidole kimoja," anasema. "Na mimi najiona mjanja miaka yote."

Hapa ndipo mwandishi wa makala haya alipoona kitu ambacho hajawahi kukiona katika banda lolote la ufundi. Ijumaa asubuhi Shoti anachukua tepu nyeusi ya kufungia waya na kumwita Nyundo. Anampa mikono. "Nifunge vidole. Vyote. Vipinde hivi, visinyooke."

"Umechanganyikiwa?"

"Funga, bwana, maneno baadaye."

Nyundo anamfunga, akicheka mpaka anavunjika mbavu. Siku nzima Shoti anaishi na ngumi mbili nyeusi. Chai anainywa kwa kubana kikombe kati ya viganja, nusu inamwagikia aproni. Simu anaipokea kwa pua. Mteja mmoja anakuja kulipia taa, anamkuta hivyo, anauliza kama ameungua. Kwenda msalani, anasema, ni habari ya kuandikwa gazeti jingine.

Anaingia kwenye pikapu, anajifungia, betri nje, na kujaribu kila kiungo alicho nacho. Goti halifiki. Kisigino kinafika, lakini mtu wa miaka sabini hawezi kuukunja mguu hivyo. Meno, anasema, aliyafikiria na kuyaacha.

Kila Shoti akipata wazo, Nyundo anamfungua tepu, Shoti anafanya kazi kidogo, kisha anafungwa tena kujaribu. Wanafanya hivyo mara kumi na moja. Kufikia saa tisa alasiri Nyundo hacheki tena. Ameacha bodi alilokuwa analinyoosha, yuko magotini kando ya mlango, anashikilia kurunzi.

"Angalia unapochoka," Shoti anaeleza, akinyanyua ngumi zake. "Vidole vinagoma, lakini uzito wangu bado ninao. Mzee naye uzito anao. Tatizo langu nilimwomba avute. Nilitakiwa nimwombe aegemee tu."

Anakata kipande cha mkanda wa usalama kutoka gari lililogongwa, anakishona kuwa kitanzi kipana cha kuingiza mkono mpaka karibu na kiwiko. Waya wa baiskeli haushikani tena na pete. Unashikana na wenzo, pau ya chuma yenye urefu wa shibiri mbili aliyoichonga Nyundo, na kitanzi kinaning'inia kwenye ncha ya wenzo huo. Mtu anapitisha mkono, kisha anaegemea upande wa abiria kama anayetaka kumnong'oneza jirani yake.

Mizani inasoma kilo tatu.

Shoti anakaa ndani ya gari na ngumi zake za tepu mapajani, na machozi yanamlengalenga. Mjomba wake, aliyemfundisha kazi hii, aliondoka duniani mikono ikiwa imekufa ganzi kwa kiharusi. Miaka miwili ya mwisho alikuwa akikaa kwenye banda hili hili, akitazama spana alizoshindwa kuzishika.

"Nilikuwa namfungulia mlango wa gari kila asubuhi," anasema. "Nilidhani ndiyo heshima. Sikuwahi kumuuliza kama angependa kuufungua mwenyewe. Fundi mzima wa milango! Sikuwahi."

Jumamosi saa tatu kamili wanafika. Safari hii mzee hajatabasamu, na shati lake la pasi limefungwa vifungo mpaka shingoni. Binti anasema mnunuzi amepiga simu, yuko njiani, anaweza kuwahi.

"Akiwahi, atangoja," anajibu Shoti.

Kigoda kimepanguswa. Betri inawekwa juu yake, na safari hii Shoti anamwomba mke wa mzee aende akahakikishe kwa macho yake kwamba hakuna waya uliobaki. Mama anakagua mara mbili. Anarudi na kusimama hatua moja kutoka mlango wa dereva.

"Mama, rudi nyuma kidogo," anasema Shoti.

"Nimesimama tu."

Mzee yumo ndani. Vioo vimepandishwa. Jua la asubuhi limeanza kupiga kwenye kioo cha mbele. Anaingiza mkono kwenye kitanzi, anaegemea, na kitanzi kinateleza juu ya kitambaa laini cha shati mpaka kiganjani. Mlango kimya. Mama anapiga hatua. Binti anamshika bega.

Mzee anautazama mkono wake wa shati. Kisha anauinamia, anauuma kwa meno na kuuvuta juu mpaka mkono unabaki mtupu. Pasi yote imekwenda. Anapitisha tena mkono kwenye kitanzi, ngozi juu ya mkanda, na kuegemea upande wa abiria bila haraka, kama mtu anayejiandaa kusinzia.

Kitasa kinaachia. Springi inausukuma mlango.

Mzee anausukuma kwa bega, anateremsha mguu mmoja, kisha wa pili, na kusimama. Mama ameshafika. Mkono wake umenyooka kuelekea mlango ambao tayari uko wazi, umebaki hewani hivyo hivyo, haujui pa kwenda.

"Sasa huu nao niupeleke wapi?" anauliza, machozi yakimtoka.

"Nishike tu," anasema mzee. "Twende tukakae."

Nyundo, ng'ambo ya mabati, anapiga bodi alilonalo mara tatu kwa nyundo yake. Ndiyo makofi yake hayo.

Mnunuzi anafika saa tano na nusu akiwa na viatu vya kung'aa, betri ikiwa imesharudishwa garini. Binti anampokea mwenyewe, anamwomba radhi kwa kumsumbua, na kumwambia gari haliuzwi. Mtu huyo anaizunguka pikapu kwa uchungu, anabonyeza kitufe cha kwenye tundu la funguo, mlango unaruka, naye anaruka nyuma. Mzee, akiwa ameketi kando ya mkewe, anacheka mpaka anakohoa. Kisha anaingia garini, anageuza ufunguo wake wa mti, na kuondoka akiwa dereva. Mkewe yuko pembeni yake.

Kazi ya milango miwili humwingizia Shoti kiasi cha kutosha kodi ya banda kwa miezi miwili, na kazi kama hizo hupata kama moja kila mwezi. Si haba, anasema, lakini sasa anaitaka kazi nyingine juu ya hiyo. Anataka kutengeneza vitanzi na nyenzo hizo kwa wingi, yeye na Nyundo, na kufungia magari ya watu ambao vidole, bega au mgongo vimewagomea. Ameshaongea na fundi wa kushona mikanda aliye jirani. Ameshachora kibao kipya, bado rangi haijakauka. Jina ni lile lile.

"Na wale mia mbili na kumi na mmoja nitawaita mmoja mmoja," anasema. "Nao watazeeka. Nani kakuambia vidole vyao vitabaki hivyo hivyo?"

Simu yake inalia. Ni kijana mwenye gari dogo jipya, anataka milango ya umeme, na anataka kujua ni kazi ya siku ngapi. Shoti anamsikiliza akiwa anachomoa mabaki ya tepu nyeusi kwenye kucha.

"Siku mbili, mdogo wangu. Ila kwanza niambie, kwenye gari hilo huwa unambeba nani?"

Kijana anasema kitu.

"Mama yako? Basi Jumatatu njoo naye. Nataka kuiona mikono yake."